Mkono wa Msaidizi Mstarini

Wanafunzi walimwita Bi Kucha. Yeye alilijua jina hilo na hakulichukia. Kila Jumatatu asubuhi, kengele ya mstarini ikishalia, alipita katikati ya mistari ya watoto, mikono nyuma, akiwaambia wanyooshe vidole, na mwenye kucha chafu alitolewa pembeni akaoneshwe bomba. Hakuwa mkali wa kutisha. Alikuwa mtu wa utaratibu tu. Alianza kazi akiwa msichana mwembamba aliyevaa viatu vya kuazima kwa dada yake, akafundisha darasa la pili miaka nenda miaka rudi, mpaka wale aliowafundisha kusoma wakaanza kumletea watoto wao. Mwisho akapewa ofisi ya mwalimu mkuu, yenye dirisha linalotazama tangi la maji na kabati ambalo mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa goti.

Katika shule yake mambo yote yalifanyikia mstarini. Sala ya asubuhi mstarini. Chawa walitafutwa mstarini, dawa ya minyoo ilimezwa mstarini, sweta lililookotwa lilitafutiwa mwenyewe mstarini. Ukitaka jambo liwafikie wote, unawapanga wote. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kazi, na Mungu ni shahidi, ilikuwa imemfaa.

Kisha akaitwa semina. Wakuu wa shule wa eneo lote waliitwa kwenda kujifunza namna ya kuongoza shule zenye afya njema ya akili, kuanzia watoto hadi walimu. Alipowatangazia walimu wake, mwalimu wa darasa la kwanza, mama mnene mcheshi ambaye wenzake walimwita Redio, hakumpa nafasi ya kumaliza.

"Mwalimu Mkuu, ukirudi utuambie nani kati yetu ameshaanza," alisema. "Mimi nina jina la mtu, lakini nitanyamaza."

Walimu wakavunjika mbavu. Bi Kucha naye alicheka, maana kwa Redio hakuna asiyecheka, ila kichwani mwake swali lilibaki. Yeye, kama watu wengi, alijua afya ya akili ni habari ya wale wanaotembea peku barabarani wakizungumza peke yao. Shule yake haikuwa na mtu wa namna hiyo. Kwa nini basi aitwe?

Mtu mmoja tu hakucheka siku ile, naye ni Msaidizi wake. Lakini Msaidizi hakuwa mtu wa kucheka. Alifundisha hesabu darasa la sita na la saba. Alikuwa mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, na watoto walipomwona anakuja kwenye korido walibadili njia. Mwalimu yeyote aliyeshindwa na mtoto mkorofi alimtuma kwa Msaidizi. Aliyepigana, aliyetukana, aliyetoroka, aliyechana daftari la mwenzake, wote walifikia mlangoni kwake. Bi Kucha alipokwenda semina alimwachia pia funguo za ofisi, akaondoka moyo ukiwa mweupe.

Huko semina, toka asubuhi ya kwanza hakuelewa. Ukumbini hakukuta meza. Viti vilipangwa duara, naye hakujua mkoba wake auweke wapi, akaupakata kama mtoto. Mkufunzi alikuwa binti mdogo, wa kuweza kuwa mwanawe, mwenye sauti ya chini mpaka wazee wa ng'ambo ya duara wakainama kumsikiliza. Hakumtaja mtu anayetembea peku hata mara moja. Alisema habari za mwalimu anayefika kazini amechoka kabla ya kazi, za mtoto anayenyamaza darasani mwezi mzima na anasifiwa kwa utulivu. Alisema jambo hili si la mtoto mmoja wala la mwalimu mmoja. Ni la shule nzima, toka mlinzi wa geti hadi mpishi, na linaanza na kiongozi.

Kisha akawazungukia mmoja mmoja. Alipofika kwa Bi Kucha akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Nakuuliza kweli. Hujambo?"

"Sijambo kabisa, namshukuru Mungu."

Binti akatabasamu, akasubiri, halafu akasogea kwa mwingine. Bi Kucha akabaki anajiuliza amekosea wapi. Amesalimiwa, ameitikia, na Mungu amemshukuru. Mtu unataka nini zaidi? Jirani yake, mkuu wa shule mmoja mwenye ndevu za mvi, aliulizwa hivyo hivyo na ghafla akaanza kulia, mtu mzima na suti yake, na hakuna aliyemkataza. Bi Kucha akainamisha macho akatazama viatu vyake. Hakujua kama anaona jambo jema au aibu.

Alirudi na kichwa kimejaa moshi. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na huzungumza na pini mdomoni, alimuuliza amejifunza nini. Bi Kucha alifikiri sana, akasema amejifunza kwamba watu wana mambo moyoni na inabidi waulizwe. Fundi akasema hilo si angemwambia yeye, asingepanda gari kwenda mbali.

"Ndiyo, lakini waulizweje?" akasema mkewe. "Hapo ndipo sikupaelewa."

Basi Jumatatu ikafika, na Bi Kucha akafanya alivyojua. Kengele ililia, watoto wakajipanga, walimu wakasimama nyuma ya madarasa yao. Sala ikasaliwa. Akapanda kwenye ngazi ya ofisi.

Akawaambia kwamba leo hakagui kucha. Leo anataka kujua habari za mioyo, kwa sababu moyo nao huchafuka. Maneno hayo alikuwa ameyaandaa njiani na aliyaona mazuri. Kisha akasema kwa sauti yake ya mstarini, "Mwenye jambo linalomsumbua moyoni, anyooshe mkono."

Watoto wakatazamana. Hakuna aliyejua jibu la swali lile ni lipi. Mwishowe binti mmoja mdogo wa darasa la kwanza akanyoosha mkono. Baadaye ilijulikana kwamba alitaka kwenda chooni. Lakini Bi Kucha alifurahi kupita kiasi, akasema vizuri sana, mpigieni makofi, na shule ikampigia makofi.

Kumbe ameharibu. Watoto walishaona kwamba kunyoosha mkono ndiyo jibu. Mikono ikachomoza mstari kwa mstari, mpaka uwanja ukawa msitu. Wakawa wanarukaruka, wanapiga vidole, "Mimi, mwalimu. Mimi." Wengine walinyoosha yote miwili. Walimu wakashindwa kujizuia, Redio akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika.

Bi Kucha alisimama pale juu asijue la mbele wala la nyuma. Na hapo ndipo alipouona mkono mmoja wa mtu mzima.

Msaidizi alikuwa amesimama nyuma ya darasa la sita. Kiwiko kimegandamana na ubavu, kiganja kimefika usawa wa sikio, basi. Hakucheka, hakupunga. Alikuwa anamtazama Bi Kucha moja kwa moja, kama mtu aliyeomba ruhusa na anangoja kuruhusiwa.

Macho yao yakakutana.

"Shusheni mikono," akasema. "Ingieni madarasani."

Mikono yote ikashuka. Na ule wa Msaidizi ukashuka pamoja na ya watoto.

Siku ile nzima hakutulia. Alijaribu kujiambia ni utani, lakini Msaidizi na utani wapi na wapi. Alipomuuliza Redio kwa mbali, Redio alisema bila shaka mwenzetu alikuwa anawaonesha watoto mfano, si unajua anavyopenda mambo yafanywe sawasawa. Bi Kucha akalishika jibu hilo kwa mikono miwili. Mchana alipita mbele ya darasa la sita akamwona Msaidizi anaandika ubaoni, mwandiko ule ule ulionyooka. Akajiambia hakuna neno. Alikusudia kumwita jioni, lakini jioni kulikuwa na mzazi, na baada ya mzazi kulikuwa na fundi wa bomba.

Kesho yake Msaidizi hakuja.

Kwa mtu mwingine lisingekuwa jambo. Lakini huyu hata alipofiwa na baba yake alikuja asubuhi kuomba ruhusa mwenyewe, ndipo akaenda kuzika. Simu yake iliita, haikupokewa. Kengele ilichelewa kwa sababu aliyezoea kumkumbusha mpiga kengele hayupo. Na mbele ya mlango wa Msaidizi, kufikia saa nne, walikaa watoto wametumwa na walimu wao kuja kuadhibiwa, foleni nzima, wanangoja mtu asiyekuja. Bi Kucha aliwakuta pale. Akawauliza mmoja mmoja wametumwa na nani, nao wakataja karibu walimu wote wa shule. Hakujua awafanye nini. Akawarudisha madarasani, na baada ya kipindi walikuwa wamerudi pale pale.

Nyumbani alimsimulia mumewe. Fundi alitoa pini mdomoni, jambo ambalo hulifanya mara chache.

"Uliuona mkono wake?"

"Niliuona."

"Na yeye alijua umemwona?"

"Tulitazamana, baba watoto."

Fundi akarudisha pini mdomoni, akakanyaga cherehani. Aliposhona upindo hadi mwisho akasema kwamba hapo asiulizwe yeye.

Usiku aliposali, Bi Kucha hakujua aombe nini. Siku zote alimtajia Mungu jambo kwa jina lake: mvua, karo, mguu wa dada yake. Hili halikuwa na jina. Akamwambia tu Mungu kwamba kuna mtu wake ananyoosha mkono, naye anaogopa mtu huyo ataiacha kazi, na kama ataiacha itakuwa kwa sababu yake. Akanyanyuka pale akiwa mzito vile vile.

Siku iliyofuata Msaidizi hakuja tena, na Redio alileta habari, kwa maana Redio ndiye mleta habari, kwamba mwenzao ameonekana kwenye duka la shemeji yake la vifaa vya ujenzi, akipima misumari. Watu wanasema anaacha ualimu. Bi Kucha akaingia ofisini, akafunga mlango, akampigia mkufunzi. Alimweleza yote toka ngazi hadi foleni. Binti alisikiliza, wala hakumlaumu. Akamwambia aende kwa mwenzake, ila asiende na majibu. Aende akakae naye.

"Nikakae tu?"

"Ndiyo, mama."

"Na nikishakaa?"

"Unakaa, mama."

Bi Kucha alikata simu akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuwa kabla ya kupiga. Maisha yake yote, ukimwendea mtu mwenye shida unakwenda na kitu, kama si chakula basi neno. Atakwendaje mikono mitupu?

Lakini alikwenda. Shule ilipofungwa mchana alitembea mpaka kwa Msaidizi, nyumba yenye geti la bati la bluu na kamba ya nguo uani. Mke wake alimkaribisha kwa heshima, macho yamevimba, akasema karibu Mwalimu Mkuu, yupo, kisha akapotelea jikoni. Msaidizi alikuwa sebuleni. Hakuvaa shati la pasi. Alivaa fulana, na kwa mara ya kwanza Bi Kucha aliona kwamba mtu yule alikuwa amekonda.

Wakasalimiana. Habari za nyumbani, nzuri. Habari za kazi, nzuri. Halafu maneno yakaisha. Bi Kucha alikuwa na mengi kwenye ncha ya ulimi: apumzike, aombe Mungu, asimsikilize shemeji, watoto wa darasa la saba wana mtihani. Yote aliyameza, na kuyameza kulimuuma kama kumeza dawa bila maji. Saa ya ukutani iligonga. Kuku alipita mlangoni, akawatazama wote wawili, akaenda zake.

Hatimaye Msaidizi akasema, akiitazama sakafu.

"Mwalimu Mkuu, mimi sijui nina nini. Ningejua ningekwambia."

Bi Kucha akamgeukia.

"Kila mwenye mtoto mkorofi ananiletea mimi. Wanakuja tayari wanatetemeka. Kazi yangu imekuwa ni kutisha. Hesabu nafundisha kwa mabaki ya pumzi." Akasugua magoti yake. "Nilidhani yanabaki shuleni. Juzi nimeingia hapa ndani nikakohoa tu, na binti yangu mdogo akainuka akapitia mlango wa nyuma. Hakufanya kosa lolote. Amesikia tu nimekohoa."

Jikoni sufuria ziliacha kulia.

Safari hii Bi Kucha hakutafuta la kusema. Akabaki pale. Machozi yalimjia, akayaacha.

"Ulipouona mkono wangu," Msaidizi akasema, "kwa nini uliwaambia washushe?"

"Niliogopa, kaka yangu."

"Uliogopa nini?"

"Sijui," akasema Bi Kucha. "Na mimi sijui."

Msaidizi akamtazama, na kitu kama kicheko kikampita usoni. Wawili hao, walioendesha shule pamoja muda wote ule, walikuwa wamekaa kwenye kochi wakikiri kwamba hawajui. Jua lilisogea kutoka kwenye zulia hadi ukutani. Kabla ya kuagana Msaidizi alisema jambo moja tu: hataki kuwa mlango wa adhabu tena. Kama kila mwalimu atabaki na mtoto wake, yeye atajaribu kurudi. Kujaribu tu, haahidi. Kama haiwezekani, shemeji yake amemwekea nafasi dukani.

Bi Kucha akakubali, akasema haya. Alipofika nje ya geti la bluu ndipo alipoelewa alichokubali. Walimu watampandia kichwani.

Na kweli walimpandia. Kwenye kikao alisema kwamba kuanzia sasa hakuna mtoto kutumwa kwa Msaidizi. Mwenye mkorofi akae naye, amuulize, amsikilize, na akishindwa aje mwalimu mwenyewe ofisini kwa Mwalimu Mkuu, pamoja na mtoto, wakae wote watatu. Chumba kikachafuka. Mmoja akasema yeye ana watoto wengi kuliko madawati, atamsikiliza nani. Mwingine akasema semina zinaharibu watu. Redio, ambaye Bi Kucha alimtegemea kwa utani, safari hii hakutania.

"Kwa hiyo yule wangu anayeng'ata wenzake nifanye naye nini?"

"Sijui bado, dada. Njoo naye, tutakaa."

"Tutakaa, halafu?"

Bi Kucha akafungua mdomo, akakumbuka alivyouliza yeye swali lile lile kwenye simu, akaona ni vigumu kuwaeleza. Akasema tu kwamba wasipofanya hivyo watampoteza mwenzao, na hapo akaeleza habari ya foleni aliyoikuta mlangoni, kwamba aliwahoji watoto nao wakawataja karibu wote waliokaa humo ndani. Habari ya binti na kikohozi hakuisema, maana haikuwa yake. Walimu hawakuridhika. Walitoka bila kupiga soga. Kesho yake watoto wawili walitumwa tena kwenye mlango ule uliofungwa, na Bi Kucha akawarudisha mwenyewe, akakaa na mwalimu wao na wao, wakatazamana wote kama wageni kituoni. Hakuona kama kuna lililofanyika. Redio naye alikuja na mng'ataji wake. Mtoto alichezea kifungo cha shati lake, kisha akasema hapendi kukaa karibu na dirisha. Ndivyo tu. Wakamhamisha. Kama ndiyo dawa au siyo, hawakujua.

Jumatatu, mstarini, Bi Kucha alikagua kucha kama kawaida, kwa sababu kucha zilikuwa chafu kweli. Alipoinua macho akamwona Msaidizi nyuma ya darasa la sita, shati limepigwa pasi, mikono mfukoni. Hakuna aliyemtangaza wala kumpigia makofi. Redio alisogea akasimama karibu naye, akamnong'oneza kitu, na Msaidizi akatikisa kichwa kama mtu anayekataa utani wa kipuuzi.

Kipindi cha kwanza Bi Kucha alizunguka madarasa. Kila hatua alijiuliza amerudi kweli au amekuja kuaga. Alipokaribia darasa la sita akasikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia humo: watoto wanacheka. Kipindi cha hesabu, na wanacheka, tena kicheko cha darasa zima.

Akasimama. Huenda Msaidizi ametoka na watoto wamebaki peke yao wanafanya fujo. Huenda yumo, amekaa kwenye kiti, ameshindwa kusimama, na wanamcheka yeye. Huenda amesema jambo la kuchekesha, ingawa hilo lilikuwa gumu kuliko yote kuliamini. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mkono wa Bi Kucha ulikwenda wenyewe hadi kwenye kitasa, kama ulivyozoea kwenda kwenye kila kitasa cha shule ile.

Kicheko kikapungua. Akasikia chaki inagonga ubao, kisha sauti ya Msaidizi, ya kawaida, ikisema haya, tuanze upya, nani ananisaidia hapa.

Bi Kucha akaondoa mkono kwenye kitasa, akaenda kuangalia tangi la maji.